Kuandika Wachezaji kwa Mfuko Mwembamba

Watu wengi huujua mpira siku ya mchezo tu. Hufika uwanjani jua likiwa limeinama, hupiga makelele kwa muda wa saa moja na nusu, humlaumu mwamuzi, kisha hurudi kwao wakisema kuwa timu fulani ina bahati na timu fulani haina. Ni wachache wanaojiuliza wale vijana 11 wametoka wapi, nani aliyewakusanya, waliahidiwa nini hata wakakubali kuja, na nauli yao ilitoka katika mfuko wa nani. Napenda kuwaelezea kazi hiyo ninyi mnaosoma sekondari, kwa kuwa baadhi yenu mtakuwa wachezaji, na wengi zaidi mtakuwa watunza hazina, waandishi na wenyeviti wa vyama vidogo vya namna hii. Nadhani kazi ya hao wa pili ni ngumu kuliko ya wale wa kwanza, ingawa haipigiwi makofi.

Mimi ni mwalimu. Mafunzo yangu niliyapata katika chuo cha ualimu cha Kigari, upande wa juu wa Embu, ambako kahawa na chai hustawi na mvua haikawii kunyesha. Baadaye nilipangiwa kazi Kiritiri, upande wa chini, katika nchi ya Wambeere. Msomaji asiyepajua mahali hapa na aifikirie barabara inayoshuka kutoka mji wa Embu kuelekea mto Tana. Kadiri mtu anavyoshuka ndivyo hewa inavyozidi joto, migomba inavyopungua na miti ya miiba inavyoongezeka, mpaka afike penye maduka, soko, ofisi za serikali za Mbeere Kusini, na pikipiki nyingi zikingoja abiria chini ya vivuli. Huko mbele mto umezuiwa mara tano ili uzalishe umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Miji ya mbali imewaka taa kwa maji hayo kwa miaka mingi. Uwanja wetu wa mpira hauna taa hata moja, kwa hiyo mazoezi huisha wakati kipa anapoacha kuuona mpira.

Timu ninayoisaidia hucheza katika ngazi za chini. Kama hamjui ngazi hizo zilivyopangwa, juu kabisa iko Ligi Kuu, ambayo hutangazwa redioni na kuandikwa magazetini. Chini yake iko Ligi ya Supa ya Taifa, kisha Daraja la Kwanza, kisha Daraja la Pili, kisha ligi za mikoa, na chini kabisa ligi za kaunti na kaunti ndogo. Mtu akianguka kutoka juu hupata mahali pa kushika katika kila ngazi. Sisi tulio karibu na ardhi hatuna pa kuangukia, na labda hiyo ndiyo sababu tunacheka sana.

Tuifanye hesabu, maana hesabu ndiyo kocha wa kwanza wa timu maskini. Tuseme nauli ya mtu mmoja kwenda mahali pa mchezo ni shilingi 200, na kurudi ni shilingi 200. Timu haisafiri na wachezaji 11 peke yao. Wapo wa akiba, kocha, na mtu wa kubeba maji na dawa. Tuseme watu 20. Safari moja basi ni shilingi 8,000. Kama msimu una michezo 12 ya ugenini, timu itahitaji shilingi 96,000 kwa nauli tupu, kabla hatujataja ada ya waamuzi, mpira mpya, chokaa ya kuchorea mistari, na ndizi za kula njiani. Wala sijataja mshahara, kwa kuwa hakuna mshahara. Mchezaji wetu hapewi kitu isipokuwa jezi ya kuazima, ambayo mama yake ndiye huifua.

Fedha hizo chache hutoka wapi? Hutoka kwa waendesha pikipiki, kwa wenye maduka, kwa walimu wachache wapendao kandanda, na zaidi ya wote hutoka kwa wakulima na wachuuzi wa muguka. Muguka ni jamii ya miraa. Majani yake hutafunwa ili kuleta uchangamfu na kuondoa usingizi, nayo hustawi vizuri katika ardhi yetu kavu ambako mahindi hushindwa. Jani hilo hunyauka upesi. Kwa sababu hiyo huchumwa asubuhi, hufungwa, na kupelekwa kwa magari yaendayo kasi hadi Mombasa na kwingineko. Mwezi wa Mei mwaka 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, na kaunti za Kilifi na Taita Taveta zikafuata, zikisema kuwa jani hilo linawaharibu vijana wao. Mahakama Kuu ya Embu ilisimamisha amri za Mombasa na Kilifi kabla mwezi huo haujaisha. Hata hivyo, katika siku zile chache mtu aliyezoea kutuchangia shilingi 500 alitupa 50, na wengine walitupa pole.

Huenda mkaniuliza, mwalimu anakubalije fedha za muguka kwa ajili ya afya ya vijana? Ni swali la haki. Wazazi wa pwani si wajinga, na mimi mwenyewe siwaruhusu wachezaji watafune kabla ya mazoezi, kwa kuwa mtu aliyekosa usingizi usiku hawezi kukimbia mchana. Walakini ada ya shule katika nyumba nyingi za huku hulipwa na jani hilo hilo, na chaki ninayoishika mkononi sijui ningeisafishaje nisiguse fedha yake. Nimeyaweka mambo haya mawili mbele yenu kama yalivyo.

Basi timu ya namna hii huandikaje wachezaji? Timu tajiri huuliza kwanza, kijana huyu anajua nini? Sisi huanza kwa kuuliza, kijana huyu analala wapi? Mchezaji mzuri anayekaa maili 20 kutoka uwanjani atatugharimu nauli kila siku ya mazoezi; mchezaji wa wastani anayekuja kwa miguu hatugharimu kitu, na baada ya miezi sita ya mazoezi asiyokosa yamkini atakuwa amemfikia yule mzuri. Kisha tunauliza, Jumamosi alasiri hufanya kazi gani? Mwendesha pikipiki hupata riziki yake kubwa siku ya soko na siku ya mazishi. Beki wetu wa kushoto ni mwendesha pikipiki, na kila akitangaziwa mazishi upande wa mtoni sisi nasi huingiwa na huzuni ya namna yetu.

Njia ya pili ni kutazama kazi za watu. Kipa wetu hakuwahi kudaka mpira katika maisha yake hadi alipokuwa na umri wa miaka 22. Alikuwa kibarua wa kupakia mizigo ya muguka. Wenzake walisimama chini wakirusha vifurushi, naye alisimama juu ya gari akivipokea kimoja baada ya kingine, vingine vikija juu ya kichwa, vingine miguuni, wala sikuona hata kimoja kikianguka. Nilisimama pale karibu robo saa, nikasahau chumvi niliyokuwa nimetumwa kununua. Nilipomwomba aje uwanjani alinijibu, "Mwalimu, mimi sijui mpira." Nikamwambia kuwa hata mpira wenyewe haumjui, na kwa hiyo wataanza pamoja. Alikuja. Miguu yake haikuwa na akili hata kidogo, lakini mikono yake ilikuwa imekwisha kusoma.

Jambo hili la kuona thamani mahali ambapo wengine hawatazami si letu peke yetu. Huko Uingereza mshambuliaji Jamie Vardy alichezea timu ndogo ya Stocksbridge Park Steels huku akifanya kazi katika kiwanda kilichotengeneza vifaa vya kushikiza viungo vya wagonjwa. Mwaka 2012 timu ya Leicester City ilimnunua kutoka Fleetwood Town, iliyokuwa nje ya madaraja manne ya juu, kwa kiasi cha pauni milioni moja. Januari mwaka 2014 timu hiyo hiyo ilimchukua Riyad Mahrez kutoka Le Havre ya daraja la pili la Ufaransa kwa fedha zisizofika nusu ya hizo. Mwaka 2016 Leicester walitwaa ubingwa wa Uingereza, wakiziacha nyuma timu zilizotumia mara nyingi zaidi ya walivyotumia wao. Pauni milioni moja kwa Kiritiri ni mali ya hadithi, lakini macho ya kutazama hayauzwi, na katika jambo hilo sisi na Leicester tulianza sawa.

Hapa nyumbani iko habari iliyo karibu zaidi nasi. Mwaka 1987 katika mtaa wa Mathare, Nairobi, kulianzishwa chama cha michezo cha vijana. Chama hicho kilikuwa na watoto wengi na fedha kidogo. Kiliweka desturi ambayo naiona kuwa ya busara kubwa: timu ya watoto iliweza kupata alama za ligi kwa kusafisha mtaa, kuzoa taka na kuzibua mitaro, kama ilivyopata alama kwa kufunga mabao. Mwaka 1994 wakubwa wa chama hicho waliunda Mathare United. Mwaka 1998 timu hiyo ilishinda Kombe la Moi, ikalichukua tena mwaka 2000, na mwaka 2008 ikawa bingwa wa Ligi Kuu. Wachezaji wake wa kwanza hawakununuliwa sokoni. Walikuwa wameonekana wakikua, na kila mmoja alijulikana tabia yake tangu alipokuwa akishika fagio. Katika timu yetu hatuna mitaro mingi ya kuzibua, lakini tumeiga kwa kadiri yetu: anayetaka kuandikwa huja kwanza kung'oa miiba uwanjani na kuchora mistari, kwa wiki nne. Wengine hupotea katika wiki ya pili, na hatuwatafuti.

Msidhani kuwa ufukara huzisumbua timu za chini pekee. SoNy Sugar, timu iliyokuwa na kiwanda kizima cha sukari nyuma yake, ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 2006. Mwaka 2019 ilifukuzwa katika Ligi Kuu kwa sababu ilishindwa kufika uwanjani mara tatu. Ilikuwa katika msimu ule ule ambao kampuni iliyoidhamini ligi ilijiondoa, na timu nyingi zikabaki bila msaada. Mabingwa hao hawakuondolewa kwa kufungwa mabao. Waliondolewa kwa kutofika. Tangu hapo nauli ndiyo kitu cha kwanza tunachokiweka kando, na hakiguswi hata kama mpira umepasuka.

Wako pia wafadhili wa msimu mmoja. Mwaka 2022, miezi michache kabla ya uchaguzi wa Agosti, tulitembelewa na mtu aliyetaka kura. Alituletea jezi 20 zenye picha ya uso wake kifuani, na akaahidi viatu na basi. Jezi tulizivaa, kwa kuwa uchi si sera. Baada ya uchaguzi hatukumwona tena, wala viatu hatukuviona. Uso wake ulibaki nasi ukifuliwa kila wiki, ukififia, mpaka pua ikatoweka kabisa. Vijana walimpa jina ambalo siwezi kuliandika katika kitabu cha shule.

Sasa nifike kwenye jambo lililotugawanya, ambalo mpaka leo hujadiliwa mbele ya maduka.

Msimu mmoja tulikuwa karibu kupanda daraja. Dirisha la usajili la katikati ya msimu lilikuwa wazi, na wachezaji watatu wa mjini, waliokuwa wamewahi kucheza katika ligi za juu na sasa hawakuwa na timu, walituma ujumbe kuwa wako tayari kuja kwetu. Kila mmoja alitaka shilingi 3,000 kwa mchezo. Michezo iliyobaki ilikuwa minne. Watatu mara 3,000 mara nne ni shilingi 36,000, na katika sanduku mlikuwa na shilingi 41,000. Kamati ilikutana katika chumba changu cha darasa, watu wazima 12 wakiwa wamebanana katika madawati ya watoto.

Waliotaka wachezaji hao waandikwe walikuwa na hoja nzito. Mzee mmoja aliyewahi kucheza zamani alisema, "Mwalimu, fedha za timu si mbegu za kuwekwa mpaka mvua ije. Mvua ndiyo hii." Mwendesha pikipiki mmoja alisema kuwa watu huchangia timu inayoshinda, na kwamba tukipanda, fedha zitarudi na faida. Mwingine akatukumbusha usemi wa wahenga, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sikuona neno la kipumbavu katika yote hayo.

Mimi nilipinga. Nilisema kuwa wakiingia hao watatu, watatu wetu watakaa nje. Na watakaokaa nje ndio waliong'oa miiba, wakaja mazoezini kwa miguu mwaka mzima bila senti. Ikiwa siku ya mavuno tunamwita mtu mwingine ale, ni nani atakayelima mwaka ujao? Tena mtu anayelipwa kwa mchezo mmoja atapataje kuwa na subira siku ambayo sanduku ni tupu? Maneno yangu yalisikilizwa kwa adabu, kama maneno ya mwalimu yanavyosikilizwa, yaani bila kumgeuza mtu yeyote.

Aliyeugeuza mkutano ni mtunza hazina wetu, mama mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo, ambaye sisi sote, hata wazee, humwita Mama kwa heshima. Alikuwa kimya muda wote, daftari likiwa juu ya magoti. Mwishowe aliuliza, "Nisaidieni wenye elimu. Tukipanda daraja, nauli itapungua au itaongezeka?" Hakuna aliyejibu. Sote tulijua kuwa katika daraja la juu timu huwa mbali zaidi, na safari ya shilingi 8,000 ingekuwa ya 15,000 au zaidi. Akauliza tena, "Na hao watatu wataendelea kutaka 3,000 zao huko juu?" Kisha akafunga daftari. Kura zilipigwa: saba walikataa, watano walikubali.

Nanyi mngependa kusikia kuwa tulishinda michezo yote minne kwa nguvu ya upendo. Tulishinda miwili, tukatoka sare mmoja, tukafungwa mmoja. Tulimaliza wa pili, nyuma kwa alama moja. Timu iliyotutangulia ilikuwa imeandika wachezaji wawili kati ya wale watatu, na mmoja wao ndiye aliyewafungia bao la mwisho la msimu. Walipanda, na wako huko hadi leo, wala hawajafa njaa. Baadhi ya wachangiaji wetu waliacha kutoa. Yule mwendesha pikipiki hakunisalimu kwa muda wa mwezi mzima, ingawa hupita mbele ya nyumba yangu kila asubuhi. Bado naona kuwa Mama aliuliza swali lililostahili kuulizwa, na kwamba kijana aliyejituma mwaka mzima ana haki kwa timu yake kuliko mgeni wa wiki nne. Walakini najua ni wachezaji gani waliolia siku ile, na ile alama moja huiona katika nyuso zao.

Shilingi 41,000 zilizobaki zilifanya kazi tatu. Nyingi zililipia nauli ya mwanzo wa msimu uliofuata. Nyingine zilinunua mipira miwili. Na shilingi 350 zilinunua daftari kubwa lenye jalada gumu, ambalo nililiomba mimi mwenyewe, na ambalo naliona kuwa mali bora kuliko zote tulizo nazo. Ndani yake kila mchezaji ana ukurasa wake: jina lake kama lilivyo katika cheti cha kuzaliwa, tarehe ya kuzaliwa, shule, jina la mzazi, siku aliyoandikwa, na misimu aliyotuchezea, mwaka kwa mwaka, pamoja na namba aliyopewa na shirikisho la mpira.

Kwa nini daftari? Sheria za FIFA zinasema kuwa mchezaji mwenye mkataba akiuzwa kutoka timu ya nchi moja kwenda timu ya nchi nyingine, asilimia 5 ya fedha hizo hugawanywa miongoni mwa timu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Kila msimu kati ya miaka 12 na 15 hupata robo ya asilimia moja, na kila msimu kati ya miaka 16 na 23 hupata nusu ya asilimia moja. Mmkumbuke Victor Wanyama, Mkenya wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza. Alipotoka Celtic ya Scotland kwenda Southampton mwaka 2013, bei iliyotajwa ilikuwa pauni milioni 12.5. Asilimia 5 ya fedha hizo ni pauni 625,000, na nusu ya asilimia moja ni pauni 62,500. Kwa fedha za msimu mmoja tu wa ulezi, timu kama yetu ingesafiri mpaka wajukuu wa kipa wetu wawe makipa. Lakini haki hiyo hailetwi na maneno ya wazee wanaokumbuka kuwa kijana fulani alikuwa wetu. Timu hudai kwa kuonyesha kuwa kijana aliandikwa kwake, mwaka gani mpaka mwaka gani, katika shirikisho la nchi. Timu nyingi za vijijini hulea wachezaji kwa ugali na jasho, kisha hubaki na picha moja ukutani.

Mwaka jana daftari hilo lilipata kazi yake ya kwanza. Mshambuliaji wetu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alionwa na mtu aliyejitambulisha kuwa mjumbe wa timu moja kubwa ya mbali. Mtu huyo hakuja kwetu wala shuleni. Alikwenda nyumbani kwa kijana jioni, akamwahidi mama yake kuwa mtoto atapewa mahali pa kulala, chakula, ada ya shule, na posho kila mwezi, ila lazima aondoke wiki ile ile. Mama huyo ni mjane anayelima ndengu na kunde. Kesho yake asubuhi alinijia shuleni, akakataa kiti.

"Mwalimu," alisema, "mtu huyu ameniahidi mambo mengi, lakini hakuniachia hata karatasi."

Nilimwambia, "Mama, mwombe aandike. Aandike shule atakayosoma mtoto, nani atalipa, atalala kwa nani, na atarudi nyumbani lini."

"Na akikataa?"

"Hapo utakuwa umepata jibu bila kulipa nauli."

Kijana alikasirika. Aliniambia mbele ya wenzake kuwa nataka kumzuia ili timu yangu ipate mabao, na sikumwadhibu kwa neno hilo, kwa kuwa kocha mwenye tamaa angefanya jambo lile lile nililofanya mimi, na kijana wa miaka 17 hana chombo cha kupimia moyo wa mtu. Kwa wiki mbili hakuja mazoezini. Barua ya timu ile ilifika baada ya wiki tatu, ukurasa mmoja. Ilitaja mazoezi, ilitaja posho, ilitaja viatu. Neno shule halikuwamo. Mama aliisoma mara mbili, akaikunja, akasema mtoto wake atamaliza kidato cha nne kwanza.

Tulimwandikia mjumbe huyo jibu la heshima, tukaeleza kuwa kijana ameandikwa kwetu, kwamba atafanya mtihani wake wa KCSE mwezi wa Novemba mwaka huu, na kwamba baada ya hapo mlango uko wazi kwa mwenye kuja mchana na karatasi. Alijibu kuwa watamkumbuka. Kijana mwenyewe alirudi uwanjani siku moja bila kusema kitu, akachukua ndoo ya chokaa na kuanza kuchora mistari. Sasa yuko kidato cha nne; hesabu zake hazijambo, insha zake zinahitaji nukta zaidi.

Ukurasa wake katika daftari ni wa 31. Mama yake aliniomba nakala, nami nikampigia chapa katika duka la picha sokoni, kwa shilingi 10. Ameiweka nyumbani ndani ya kile kitabu cha kliniki alichopewa wakati mtoto alipozaliwa, chenye uzito wake wa kila mwezi na tarehe za chanjo, pamoja na cheti cha kuzaliwa na ile barua ya ukurasa mmoja.